Yatima wa Sokoni: Kumlea Mtoto wa Paka Hadi Apate Kwao

Jumatano na Jumamosi, siku za soko, mji wa Taveta hufurika. Bomeni hujaa ndizi, mahindi, maharagwe na nyanya, nyingine kutoka mashamba ya jirani, nyingine kutoka ng'ambo ya mpaka upande wa Holili. Penye nafaka hapakosi panya, na penye panya hapakosi paka. Wengi wa paka hao hawana mwenyewe: huyu hulala nyuma ya stoo ya mahindi, yule hushinda chini ya meza ya muuza samaki. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, akaibeba kwa siku 63 hadi 65, kisha akazaa watoto 3 hadi 5 kwa mkupuo.

Ulaya, paka huzaa zaidi miezi ya joto, kwa kuwa hamu ya jike huamshwa na urefu wa mchana. Taveta iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, na mchana wake karibu haubadiliki mwaka mzima. Paka wa Bomeni, basi, hana msimu. Wakati wowote mwenye duka anaweza kuvuta gunia asubuhi akakuta watoto wanne wamejikunyata, macho yamefumba, na mama hayupo.

Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaowazoa na kwenda kuwatupa, na huo ni ukatili usiohitaji maelezo. Wapo pia wanaowakumbatia, wakawapeleka nyumbani na kuwanywesha maziwa ya ng'ombe papo hapo. Huruma hii ndiyo inayohitaji kuelekezwa, kwa sababu huua mara nyingi kuliko wenye nayo wanavyodhani.

Je, kweli ni yatima?

Paka anayenyonyesha hana budi kutoka kwenda kujitafutia, na anaweza kukawia saa kadhaa. Pengine yuko katikati ya kuhama, akiwabeba watoto mmoja mmoja kwa kuwang'ata shingoni. Watoto walio safi, matumbo yamejaa na wamelala kimya, mama yao hayuko mbali. Walio wachafu, matumbo yamebonyea na wanalia bila kukoma, huenda wameachwa kweli.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kunyunyiza majivu kuwazunguka, kisha kuondoka na kurudi baada ya saa chache kutazama kama kuna nyayo. Unga haufai, kwa sababu huita sisimizi, na sisimizi hawamwachi mtoto asiyeweza kukimbia. Kungoja huku kuna mpaka wake: mtoto aliyepoa mwili hawezi kusubiri.

Mama akirudi, mlezi bora amepatikana. Kazi ya binadamu hapo ni kumwekea mama chakula na maji mahali patulivu. Maziwa yake ya siku ya kwanza, yaani dang'a, yana kingamwili ambazo utumbo wa mtoto huzipokea kwa saa chache tu baada ya kuzaliwa. Hakuna chupa inayoweza kufidia hilo.

Kaunti ya Taita Taveta ina swali jingine ambalo mkaaji wa Nairobi hajiulizi. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na humo mna kimburu, yule paka wa mwituni ambaye utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wote wa nyumbani wametokana na jamii yake. Mtoto wa kimburu hufanana sana na mtoto wa paka wa kawaida mwenye milia ya kijivu. Mondo na simbamangu nao huzaa vichakani. Kwa hiyo mtoto aliyeokotwa porini, mbali na nyumba za watu, asichukuliwe. Apewe taarifa afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali, hata kama alimwokoa kwa nia njema.

Joto kabla ya maziwa

Mtoto wa paka hawezi kujitengenezea joto la kutosha katika wiki zake za mwanzo. Akipoa, utumbo wake husimama. Maziwa yanayomwagwa katika tumbo lililopoa hayasagwi. Huchacha humo humo, au hurudi juu na kuingia mapafuni. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya ulezi huu ni kupasha mwili kwanza, kulisha baadaye.

Vifaa ni vya kawaida: boksi la katoni, leso kuukuu, na chupa ya plastiki yenye maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Wiki ya kwanza, ndani ya boksi panatakiwa joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Chupa iwekwe upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi ajikokote upande wa pili. Usiku wa Wundanyi, juu milimani, unahitaji chupa kubadilishwa mara kwa mara. Mchana wa Voi una hatari ya kinyume: chini ya bati, boksi lililofunikwa hugeuka tanuri.

Somo la maziwa kutoka Voi

Katika kulea yatima wa wanyama, hakuna swali lililowasumbua watu wa Tsavo kama la maziwa. David Sheldrick alianza kazi mwaka 1948 akiwa msimamizi wa kwanza wa Tsavo Mashariki, makao yake yakiwa Voi. Mkewe, Daphne, alipokea ndama wa tembo waliopoteza mama zao, na kwa miaka mingi wale waliokuwa bado wananyonya walimfia mikononi. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yaliwashinda. Ufumbuzi ulipatikana katika maziwa ya unga ya watoto wa binadamu yenye mafuta ya nazi, na mwaka 1974 ndama mchanga aliyeitwa Aisha akaanza kunawiri kwa maziwa hayo.

Paka si tembo, lakini kanuni ni ile ile: maziwa ya mnyama mmoja hayamfai kila mnyama. Maziwa ya paka yana protini karibu mara mbili ya ile ya maziwa ya ng'ombe. Mtoto anayenyweshwa ya ng'ombe hupata maji mengi na lishe haba. Tumbo hujaa, uzito haupandi, kisha kuhara humkausha kwa siku mbili tatu. Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahsusi kwa watoto wa paka, yanayopatikana kwa madaktari wa wanyama wa mijini na katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo. Yasipopatikana siku hiyo, maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa, yakapoa hadi vuguvugu na kuchanganywa na kiini cha yai, yanaweza kumvusha siku moja au mbili. Hayo ni ya dharura tu.

Tumbo la mtoto mchanga lina nafasi ya mililita 4 hivi kwa kila gramu 100 za uzito wake. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Kwa maneno mengine, aliyezaliwa jana hawezi kumaliza hata kijiko cha chai kwa mlo mmoja, ndiyo sababu hulishwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Bomba la sindano lisilo na sindano linatosha, tone kwa tone. Mtoto alishwe akiwa amelalia tumbo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Anayelazwa chali na kumiminiwa maziwa huyavuta mapafuni, akafa kwa nimonia.

Kazi haiishii hapo. Kabla ya wiki ya 3, mtoto hawezi kukojoa wala kunya mwenyewe. Mama humlamba ili kumchochea ajisaidie. Mlezi hutumia pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu, akapangusa taratibu chini ya mkia kila anapomlisha. Kisha mizani: mtoto huzaliwa na gramu 100 hivi, naye anatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Mizani ya jikoni na daftari huonyesha ugonjwa kabla macho hayajauona. Uzito ukisimama siku nzima ni onyo, na ukishuka ni safari ya kwa daktari.

Dawa zinazookoa, dawa zinazoua

Viroboto wengi wanaweza kummaliza damu mtoto wa gramu 200. Hapo wafugaji hukimbilia dawa ya kupe ya ng'ombe au dawa ya unga ya mbwa, na wengi hawajui kwamba permethrini, iliyomo katika bidhaa nyingi za aina hiyo, ni sumu kali kwa paka. Kwa mtoto mdogo, njia salama ni kitana chenye meno ya karibu karibu na maji ya vuguvugu yenye sabuni laini, kisha kumkausha upesi. Panadol nayo isiingie kinywani mwake kabisa: ini la paka haliwezi kuivunja, na kipande kidogo humuua. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, ikarudiwa kila baada ya wiki 2, kwa kipimo cha daktari kinachofuata uzito.

Wiki ya 4 huanza kuonja chakula laini. Ugali na maziwa, mlo wa paka wengi nchini, haumtoshi. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa ukosefu wake huharibu misuli ya moyo wa paka. Samaki wa Ziwa Jipe aliyechemshwa na kutolewa miiba, bila chumvi wala kitunguu, ni mwanzo mzuri.

Mlezi naye ajilinde. Mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, kwa sababu ya vijidudu vya toksoplasma. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kenya ilijiwekea mwaka 2030 kuwa kikomo cha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na paka naye huambukiza ugonjwa huo.

Kuzoea watu, si mtu

Aisha aliponusurika kwa maziwa mapya, alimshika Daphne Sheldrick kuwa mama wa pekee. Daphne aliposafiri kwa harusi ya binti yake, ndama yule aliacha kula, akafa. Tangu hapo wahudumu wa yatima wa tembo hupokezana zamu, ili ndama ahesabu kundi zima kuwa familia. Shirika la Sheldrick, lililoanzishwa mwaka 1977, limeendelea na utaratibu huo hadi leo: yatima hukulia Nairobi, wakipata nguvu hupelekwa vituo vya Voi, Ithumba au Umani, na huko hurudi kwa tembo wa porini kwa hiari yao, kidogo kidogo.

Kwa paka, dirisha la kuzoea binadamu liko kati ya wiki ya 2 na ya 7. Asiyeshikwa na mtu katika kipindi hicho huelekea kuwa paka shume, anayekimbia kila nyayo. Anayeshikwa na mtu mmoja tu hupata shida siku ya kukabidhiwa wengine. Basi watoto wa nyumbani, majirani na wageni wambebe kwa zamu, asikie redio na honi ya bodaboda, na akue pamoja na ndugu zake, maana wao ndio wanaomfundisha kutong'ata kwa nguvu.

Makabidhiano yasifanyike kabla ya wiki ya 8. Wakati huo anakula mwenyewe, anatumia karai la mchanga, na amepata chanjo ya kwanza dhidi ya panleukopenia na mafua ya paka. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata kuanzia wiki ya 12. Mchukuaji aulizwe bila haya: paka atalala wapi, nani atamlisha nyumba ikifungwa, na nani atagharimia kumhasi au kumfunga kizazi afikapo miezi 4 au 5. Anayekwenda Holili au Moshi avuke kwa cheti cha afya cha daktari na kadi ya chanjo, si ndani ya kikapu cha ndizi. Kumnyima asiyejibu vizuri si uchoyo. Ni sehemu ya ulezi.

Hata hivyo, yatima mmoja aliyepata nyumba hapunguzi lolote ikiwa mama yake bado anazaa nyuma ya stoo ile ile. Asiye na nafasi ya kuamka usiku kulisha anaweza kuungana na wenye maduka wenzake, wakachanga gharama ya kumfunga kizazi jike mmoja wa soko lao, baada ya watoto kuacha kunyonya. Ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, Taveta au Voi, ndiyo mahali pa kuanza kumuulizia daktari wa upasuaji huo.