Usiku Mmoja Haydom

Aghalabu sisi watu wa visiwani tusemapo tumefika bara, huwa tumefika Dar es Salaam, tukanunua tulichokifuata Kariakoo, kisha tukakimbilia bandarini kuwahi boti. Novemba moja tulijaliwa kwenda mbali zaidi, hadi Haydom, katika nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, mji ujulikanao kwa hospitali yake ya Kilutheri iliyoanza kazi mwaka 1955.

Lakini ukweli usemwe: mchana wa siku ile ulitudodea. Kikao tulichokiendea kiliahirishwa, tukashinda barazani pa nyumba ya wageni tukihesabu malori na kupangusa vumbi. Jioni tukajilaza mapema na makoti yetu mwilini, kwani baridi ya mahali palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari haina simile kwa mzaliwa wa pwani.

Yapata saa nne na nusu usiku mlango ukagongwa. Walikuwa ndugu tuliosafiri nao, pamoja na wenyeji wawili. "Wageni hawalali na unyonge," wakasema. "Inukeni, twende!"

Tukatoka bila ratiba wala msafara. Karibu na soko moto ulikuwa ukiwaka, nyama ya mbuzi ikichomwa. Kabla hatujauliza, mwenyeji mmoja alitujulisha kwamba mchinjaji ni Muislamu. Adabu ya namna hiyo haifundishwi semina.

Waliouzunguka moto walikuwa mkulima wa Kiiraqw, mzee mfugaji wa Kidatoga, dereva wa Kinyiramba na kijana wa Kihadzabe kutoka Bonde la Yaeda. Lugha ya kwanza ni ya jamii ya Kikushi, ya pili ya Kiniloti, ya tatu ya Kibantu. Na ya nne, yenye sauti za vidoko, haijathibitishwa kuwa na ndugu popote. Hata hivyo kicheko kilikuwa kimoja, na kilipita kwa Kiswahili.

Tulipomwamkia mzee, aliitikia, kisha akauliza: "Huko baharini, usiku njia mnaijuaje?" Tukamjibu kuwa ni kwa upepo na nyota. Tukamwonyesha Kilimia, iliyokuwa juu ya vichwa vyetu, na kumweleza kwamba kwetu jina lake latokana na kulima. Mkulima akadakia: "Basi wavuvi na wakulima tuna kalenda moja!"

Hapo mazungumzo yakafunguka. Yale tuliyokusudia kuyauliza kikaoni, ya mipaka ya malisho na mashamba, yalisemwa na wahusika wenyewe, wakipingana waziwazi na kupokezana vikombe vya chai. Tulirejea kulala saa nane, tumechoka kwa furaha.

Kikao kilifanyika kesho yake. Mzee yule yule aliketi nyuma, akanyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, na kumbukumbu zikaandikwa kwamba hapakuwa na hoja.

Kwa hiyo twawasihi watumishi wa serikali waendao vijijini: kikao kikiisha, au kikiahirishwa, msiwahi kujifungia vyumbani. Nasi wa visiwani tusijidai kuijua bara kwa kuijua Kariakoo. Muungano uliotiwa saini mwaka 1964 wahitaji pia kuotewa moto pamoja.