Ziwa Kivu: Namna ya kurudi na kadi yako, feza na simu baada ya siku ya ufukweni

Siku za sikukuu na za mwisho wa juma, boti za Ziwa Kivu hubeba abiria wa aina mbili. Wako wanaokwenda kutafuta riziki, na wako wanaokwenda kupumzika: kumtembelea ndugu Idjwi, kuogelea, kula samaki kando ya maji na kurudi Goma au Bukavu. Hawa wa pili mara nyingi hubeba mfuko mmoja wenye kila kitu: chakula, taulo, kadi ya uchaguzi, simu, feza na funguo za nyumba. Mfuko huo ukiibwa au ukianguka majini, furaha ya siku moja inageuka mahangaiko ya miezi.

Wakaaji wa kando ya ziwa hili wanapenda kuogelea humo kwa sababu halina mamba wala viboko. Lakini kina chake ni kirefu sana. Mahali penye kina zaidi panapita mita 450, na sehemu nyingi ardhi inashuka ghafla, hatua chache tu kutoka ufukweni. Pete au simu ikiteleza hapo, hakuna wa kuizamia.

Abiria wa zile meli kubwa za kitalii, kama zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar, ana njia rahisi. Ndani ya chumba chake melini kuna kasha la kufunga kwa namba. Anapokwenda ufukweni, mara nyingi huacha humo pasipoti, vito na feza nyingi, kisha anashuka na kadi ya meli na noti chache. Akiibiwa, hasara yake ni ya siku hiyo tu.

Abiria wa boti ya Ziwa Kivu hana chumba wala kasha. Tena hawezi kuacha kitambulisho nyumbani, kwa sababu askari au maofisa wa bandari wanaweza kumuuliza wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Kwa hiyo kazi yake ni mbili: kuamua kitu gani kisitoke nyumbani kabisa, na kugawa vizuri kile ambacho lazima akibebe.

Kadi moja yenye kazi nyingi

Kwa miaka mingi raia wengi wa Congo wameishi bila kadi ya uraia. Kadi ya uchaguzi inayotolewa na CENI ndiyo inayoshika nafasi hiyo. Ndiyo mtu anaionyesha benki, anaponunua laini ya simu, barabarani na bandarini. Na haitolewi kila siku: uandikishaji unafanyika uchaguzi unapokaribia. Anayeipoteza katikati ya muda huo anabaki na karatasi ya komini tu, inayothibitisha kwamba vitambulisho vyake vimepotea.

Kuna shida nyingine ambayo wengi wanaikumbuka. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, watu katika sehemu nyingi za nchi walilalamika kwamba maandishi na picha kwenye kadi zao vilikuwa vinafutika, na CENI ililazimika kutoa nakala mpya. Kadi ya namna hiyo haifai kulazwa juani juu ya taulo, wala kukaa siku nzima ndani ya mfuko wa suruali iliyolowa maji.

Pasipoti haina kazi yoyote katika safari ya kutoka Goma kwenda Idjwi. Hati hiyo ilipoanza kutolewa kwa teknolojia ya kibayometriki mwaka 2015, raia alilipa dola 185. Hata bei iliposhuka baadaye, kuipata upya bado kunadai feza, muda na safari za ofisini. Ibaki nyumbani. Vilevile shahada za masomo, hati za kiwanja na kadi za benki ambazo hutazitumia siku hiyo. Pete ya ndoa na mkufu wa dhahabu pia ni vya kuacha, kwa sababu vidole hupungua kidogo ndani ya maji baridi na pete inatoka bila mtu kusikia.

Kabla ya kuondoka, inafaa kupiga picha ya kadi pande zote mbili na kumtumia ndugu mmoja wa kuaminika. Picha haichukui nafasi ya kadi mbele ya askari, lakini inahifadhi namba na tarehe ambazo komini itazihitaji. Fotokopi moja iwekwe katika mfuko mwingine, mbali na kadi yenyewe.

Kabla ya kuvaa jile

Kitu kidogo kinachosaidia kuliko vyote ni kifuko cha plastiki kinachofunga vizuri, chenye kamba ya shingoni. Kipimwe nyumbani kwanza. Unaweka ndani karatasi ya chooni kavu, unakifunga, unakizamisha katika beseni ya maji kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, kifuko ni kizuri. Ikitoka na alama ya maji, usikiamini.

Kadi na feza kubwa ziingie humo, na kifuko kivaliwe ndani ya nguo kabla ya kuvaa jile ya kuokoa maisha. Wengi hufanya kinyume: wanavaa jile, kisha wakikumbuka kadi iko chini yake wanaifungua katikati ya safari. Franga za kulipia tiketi na mizigo zikae mfukoni, pembeni, ili mtu asifungue kifuko chake mbele ya msongamano wa bandarini. Anayekuibia saa sita ufukweni anaweza kuwa ndiye aliyekuona asubuhi unahesabu dola kwenye gati.

Jambo hili lina upande mwingine mzito. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi walikufa. Siku zile mapigano yalikuwa yamefunga barabara, na ziwa lilibaki njia ya wengi. Katika ajali kama hiyo, kadi iliyo mwilini inaweza kusaidia familia kumtambua mtu wao. Lakini mfuko ulioachwa chini ya kiti haufai kurudiwa. Boti ikianza kuinama, kilicho shingoni kinakwenda nawe, na kilichobaki kinaachwa.

Dola iliyochanika na simu yenye moto

Feza nayo ina shida ya hapa kwetu. Sokoni Goma, Bukavu au Uvira, dola yenye mchaniko mdogo inaweza kukataliwa, au kubadilishwa kwa hasara. Noti ya dola haiharibiki kwa kulowa peke yake, kwa sababu imetengenezwa kwa pamba na kitani. Inaharibika pale mtu anapobandua noti zilizoshikana zikiwa bado zimelowa. Ziachwe kivulini zianze kukauka, ndipo zitenganishwe polepole, moja moja. Kwa siku ya ufukweni, franga zinatosha. Dola moja ya dharura ikunjwe mara moja tu na kuwekwa pamoja na kadi.

Simu ndiyo inayowavuta wezi zaidi, kwa sababu ndani yake kuna M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Namba ya siri isiandikwe ndani ya simu hiyo wala kwenye karatasi iliyo katika mfuko uleule, na isiwe mwaka wa kuzaliwa unaosomeka kwenye kadi. Ndani ya kifuko cha plastiki simu hupata moto haraka juani, kwa hiyo ikae kivulini. Ikianguka majini, izimwe, ifutwe, iachwe penye hewa, na isichajiwe mpaka ikauke kabisa. Desturi ya kuifukia ndani ya mchele haisaidii. Apple yenyewe inakataza kufanya hivyo kwa simu zake, kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuiharibu.

Mmoja abaki nchi kavu

Ufukweni, sehemu za kuficha ambazo kila mtu anazifikiria, mwizi pia anazijua: ndani ya kiatu, chini ya taulo, ndani ya mkoba wa mtoto. Kuzika kitu mchangani ni kubaya zaidi, kwa sababu mwenyewe anaweza kusahau mahali.

Kundi likiwa na watu watatu au zaidi, njia nzuri ni zamu. Mmoja anabaki na mifuko bila kuogelea, kwa saa moja, kisha anabadilishwa. Mtu huyo ajulikane kwa jina. Kusema tu kwamba kila mmoja aangalie ni sawa na kusema hakuna anayeangalia. Tena zamu isipewe mtoto mdogo, ambaye mtu mzima yeyote anaweza kumtuma dukani. Aliyekuja peke yake aogelee na kifuko chake shingoni, au aombe mwenye mgahawa alikokula amtunzie mfuko, baada ya kuhesabu mbele yake kilichomo.

Kitu kikipotea

Anayegundua kwamba mfuko wake haupo hutaka kwanza kumfuata mwizi. Lakini feza iliyo ndani ya simu inaweza kutoka kwa dakika chache, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba simu ya mtu mwingine na kupigia kampuni ili laini na akaunti ya feza vifungwe. Baada ya hapo ndipo afike polisi, na akirudi aende komini na ile fotokopi kuomba hati ya kupoteza vitambulisho. Hati hiyo ina muda wake, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa juu yake isomwe vizuri.

Ni vizuri pia kuwaachia ujumbe watu wa bandari na wa mahali ulipokuwa. Mwizi anahitaji simu na feza, na mara nyingi kadi ya mtu mwingine huitupa. Jina lako likijulikana na namba ya ndugu yako ikiwa pale, atakayeiokota atajua pa kuirudisha.