Mirija ya plastiki na seli za saratani ya matiti

Ndugu zangu, tukisikia "kemikali zinazoiga homoni" wengi tunadhani ni maneno ya kutishana tu. Naomba nieleze kisa kimoja cha kweli, kilichotokea kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Tufts, Boston.

Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa wanakuza seli za saratani ya matiti ziitwazo MCF-7. Seli hizi zina vipokezi vya estrojeni: homoni ikiingia mle, kama ufunguo kwenye kufuli, seli inaanza kugawanyika. Wao walishaiondoa estrojeni, kwa hiyo seli zilitakiwa zitulie. Lakini wapi! Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaanza kuongezeka. Walitafuta sana, kumbe mchawi ni mirija ya plastiki waliyokuwa wakihifadhia vimiminika vyao. Ilikuwa inavuja nonilifenoli. Matokeo yakachapishwa mwaka 1991.

Maana yake kufuli lile halichagui sana. Ufunguo bandia nao unafungua, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko estrojeni yenyewe. Bisfenoli A nayo ndio mchezo wake.

Sasa tusikurupuke. Seli kwenye kisahani sio mwili wa mwanamke, na jaribio hili peke yake halithibitishi kwamba chombo fulani kimempa mtu saratani. Mimi chakula cha moto siweki tena kwenye plastiki, ni tahadhari tu. Lakini dada akigusa uvimbe kwenye titi, asianze kuhesabu makopo ya jikoni. Awahi hospitali.