Je, Wajua? Kompyuta Imejifunza Kidinka

Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mpigo mmoja katika programu yake ya tafsiri, kwa msaada wa akili mnemba. Kidinka na Kinuer, lugha za Sudan Kusini, vimo. Meta ilitangulia: modeli yake ya Julai 2022, yenye lugha 200, nayo inavijua vyote viwili.

Kiarabu cha Juba hakimo katika lugha hizo 110. Wala Kibari, lugha ya wenyeji wa mji huo wa Juba. Ajabu kweli, maana bei ya nyanya pale soko la Konyo Konyo hupatanwa kwa Kiarabu cha Juba. Mdinka, Mzande na mchuuzi kutoka Uganda huelewana kwacho. Tatizo ni kwamba huzungumzwa sana, huandikwa kidogo, na mashine hula maandishi.

Kidinka chenyewe si mteremko. Irabu zake zina urefu wa aina tatu. Nyingine hutamkwa kwa pumzi, na huandikwa kwa nukta mbili juu: ä, ë, ï, ö. Ukisahau nukta, huenda umeandika neno jingine kabisa.

Tafsiri hizi zote zinataka mtandao. Juba ilitegemea sana satelaiti, mpaka mkongo wa kilomita 200 hivi kutoka mpaka wa Uganda ulipofika mwanzoni mwa 2020.