Fahamu: Msitu wa Osun-Osogbo na wasanii walioulinda

Msitu Mtakatifu wa Osun-Osogbo, wenye hekta zipatazo 75 kando ya mto Osun kusini-magharibi mwa Nigeria, ni miongoni mwa mifano bora ya sanaa iliyozaliwa kwa ushirikiano wa tamaduni mbili. Susanne Wenger, msanii mzaliwa wa Graz nchini Austria, alifika Nigeria mwaka 1950 na baadaye akaingizwa katika ibada ya orisha, yaani miungu ya Wayoruba inayohusishwa na nguvu za maumbile, wakati ambapo msitu huo ulikabiliwa na ukataji miti na uvamizi wa ardhi.

Pamoja na mafundi wa Osogbo, akiwamo Adebisi Akanji aliyekuwa mwashi na Buraimoh Gbadamosi mchonga mawe, alikarabati madhabahu zilizokuwa zikibomoka na kusimamisha sanamu za udongo na saruji katikati ya miti. Ni haki kusisitiza kwamba mafundi hao hawakuwa vibarua wa mgeni, bali wasanii kamili waliobuni kazi zao wenyewe. Wenger naye alijifunza adire eleko, ufundi wa kuchora kitambaa kwa uji mzito wa muhogo, ambao huzuia rangi kupenya pale ulipopakwa, hivyo michoro hubaki myeupe kitambaa kinapotolewa kwenye nili.

UNESCO iliuorodhesha msitu huo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2005, na kila Agosti wakazi hukusanyika humo kwa tamasha la Osun.