Mtego Usio na Dalili Si wa Haki

Nani asiyekumbuka vitendawili vya jioni? Mmoja hutega, mwenzake hutegua. Akishindwa hutoa mji, lakini hanung'uniki, kwa maana jibu lilikuwamo ndani ya maneno aliyoyasikia. Haki hiyo yampasa pia kiongozi wa michezo ya mezani ya kuigiza visa, kama vile Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na mabwana Gary Gygax na Dave Arneson.

Katika mchezo huo kiongozi hueleza mapango na makaburi ya kale, na wenzake, kila mmoja akiwa na mhusika wake aliyeandikwa katika karatasi, husema watendalo. Hazina hulindwa kwa mitego: shimo lililofunikwa, mshale ukutani, sindano ya sumu ndani ya kufuli. Kosa moja laweza kumwua mhusika aliyetunzwa kwa miezi mingi, na mwenyewe akaondoka mezani kwa uchungu.

Hapo mwanzo wachezaji walijiokoa kwa kuuliza maswali na kwa kugongagonga sakafu kwa mti wa futi 10. Mwaka 1975 waliongezwa wahusika wezi, mafundi wa kutegua mitego. Katika kanuni za mwaka 1978, mwizi wa daraja la kwanza alikuwa na bahati ya 20 tu kwa 100, kabla ya nyongeza zake. Palipo na dadu, ni rahisi mchezaji kuacha kufikiri: hurusha, husoma namba, basi.

Yafaa basi kiongozi azingatie mambo manne. Kwanza, dalili itangulie madhara. Aseme kwamba vumbi limetanda ukumbi mzima isipokuwa katikati. Mchezaji akimwaga maji hapo, na maji yakazama kandokando ya jiwe, shimo limekwisha gunduliwa. Dadu haina kazi.

Pili, dadu irushwe pale panapohitajika wepesi wa mkono wa mhusika, kama kuichomoa sindano kufulini. Hapo maneno ya mchezaji hayatoshi.

Tatu, kushindwa kusiwe kifo papo hapo. Aambiwe: "Jiwe limedidimia chini ya mguu wako; wafanyaje?" Akisema atasimama tuli huku wenzake wakitafuta jiwe zito la kuweka mahali pake, amepata nafasi ya pili, na wote wameshiriki.

Nne, mitego isizidi. Ikiwa kila mlango una mtego, wachezaji watapima kila hatua, na jioni itakwishia katika ujia mmoja.

Kiongozi asisahau kwamba yeye ndiye aonaye yote, na wenzake huona kwa maneno yake tu. Akiwaficha dalili, hakuwashinda kwa akili, amewafumba macho. Akiwapa, hata aangukaye shimoni atacheka na kusema: "Kweli, niliambiwa!"