Treni inapungua, mtu hapungui: Ndiyo maana reli hii hupandishwa juu ya nguzo

Ukiwa Rujewa, treni si kitu kigeni. Reli ya TAZARA inapita Mbarali ikitoka Makambako kwenda Mbeya, na watoto wa huku wamekua wakisikia honi yake. Ila kuna kitu treni hiyo haijawahi kuwaonyesha, nacho ni mvuke. TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, na injini zake zilikuwa za dizeli tangu mwanzo. Kwa hiyo hata wazee wa Usangu wanaoikumbuka reli ikijengwa hawakuona hapa kwao injini inayolishwa makaa na maji.

Sasa kuna watu duniani wanaotengeneza injini hizo za mvuke kwa udogo, wanaziwasha kwa moto wa kweli, halafu wanazikalia na kusafiri nazo. Usifikirie kichezeo cha betri cha sebuleni. Kuna boila, kuna tanuru la makaa, kuna pistoni, na mvuke wake unaunguza kama mvuke wowote. Nyingi hukimbia kwenye reli zenye upana wa milimita 89 au 127, yaani inchi 3 na nusu au inchi 5. Kwa kulinganisha, reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067.

Ukitazama picha zake, swali la kwanza ni hili: mbona reli haiko chini? Imepandishwa juu ya nguzo, mara nyingi usawa wa goti hadi kiuno, na abiria wamekaa kama waliopanda punda, mguu huku na mguu huku.

Hesabu ndiyo inajibu. Chukua injini kubwa kabisa za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja, zile Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu. Moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 250 hivi. Ukiipunguza iingie kwenye reli ya milimita 127, urefu unagawanywa kwa karibu 8, unabaki na mita 4. Uzito haufuati hesabu hiyo, kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimepungua kwa pamoja. Unagawanywa kwa 8 mara tatu. Tani 250 zinakuwa nusu tani tu, labda na kidogo.

Wewe unayepanda hujapunguzwa. Una kilo zako 70 zile zile. Kwa treni hiyo wewe ni sawa na abiria wa zaidi ya tani 30 aliyekaa juu ya behewa halisi.

Tatizo lenyewe si uzito sana, ni kuyumba. Kutoka katikati ya reli ya milimita 127 hadi chuma cha pembeni ni sentimita 6 na kidogo. Tukiacha uzito wa behewa lenyewe, mwili wako ukihama zaidi ya hapo, gurudumu la upande wa pili linaanza kuinuka. Reli ikiwa chini ardhini, itabidi ukunje miguu au ukae kwenye kiti cha juu, na kadiri unavyokaa juu ndivyo unavyopinduka kirahisi. Reli ikiwa juu ya nguzo, unakaa karibu kabisa na chuma, miguu inaning'inia pembeni na kukanyaga ubao wa chini. Yaani kuipandisha reli ndiko kunakomshusha abiria. Ni ujanja rahisi, ila mimi naona ndio unaobeba mchezo mzima.

Faida nyingine inamhusu dereva. Anakaa nyuma ya injini, na tanuru, kioo cha maji na kipimo cha presha viko karibu na mikono yake. Anaweza pia kupaka oili bila kupiga magoti.

Wapi pa kuziona

Ukitaka kuona zile kubwa, nenda Makumbusho ya Reli Nairobi, karibu na stesheni ya zamani. Yalifunguliwa mwaka 1971. Pale kuna Garratt namba 5918 yenye jina la Mount Gelai, mlima wa kwetu Tanzania, jirani na Ziwa Natron. Simama kando yake, kisha ifikirie ikiwa na urefu wa mita 4.

Hizi ndogo zina nyumbani kwao Uingereza, ambako jarida la Model Engineer limekuwepo tangu mwaka 1898 na vilabu ni vingi. Kama una ndugu London, mwambie aende Thames Ditton, kusini magharibi mwa jiji, ambako klabu ya wapenzi wa treni hizi hufungua milango kwa watu wa kawaida baadhi ya Jumapili za msimu wa joto. Wanaoendesha ni watu wa kujitolea, wengi wao mafundi wastaafu. Ukipanda, miguu inabaki kwenye ubao muda wote na huegemei pembeni kupiga selfi. Kanga, dera au mtandio ukunjwe vizuri, kwa sababu magurudumu yako chini yako kabisa.

Mtu anaweza pia kwenda na injini yake kwenye klabu ya wenzake. Atapokelewa vizuri, ila kabla hajawasha moto ataulizwa cheti cha boila.

Ukitaka kuijenga huku kwetu

Tuseme una uwanja, unataka mduara wenye nusu kipenyo cha mita 15. Mzunguko wake ni kama mita 94. Reli ni mbili, hivyo unahitaji mita 188 za bapa la chuma, ile mafundi wanaita flatibaa, lililosimamishwa kwa ubavu. Kwa pau za mita 6 hizo ni pau 32. Ukiweka nguzo kila mita moja na nusu, andaa nguzo 63.

Nguzo Nyanda za Juu Kusini hazina shida. Mafinga na Sao Hill ni nchi ya misitu ya kupandwa, na nguzo zilizotiwa dawa zinatoka huko. Zege pia inafaa, na ndiyo inayodumu. Kazi iko kwenye udongo. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa mashamba ya mpunga ya Usangu, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nguzo iliyochimbiwa juu juu itainuka na kushuka nao. Nguzo moja ikipanda milimita 5, kwa treni hii ni kama tuta la sentimita 4 kwenye reli kubwa. Chimba upite sehemu inayopasuka, au tafuta kiwanja chenye kichanga.

Jua nalo lihesabiwe. Pau ya mita 6 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya asubuhi inarefuka kwa milimita 2 hivi, kwa hiyo acha nafasi kwenye kila kiungo. Mwinuko usizidi sentimita 1 kwa kila mita. Weka pia kipande kinachofunguka kama geti, la sivyo umewafungia watu nje ya uwanja wao, na kwa Mbarali usiwasahau ng'ombe.

Boila si kazi ya kubahatisha

Hapa ndipo naomba usome taratibu. Boila ndogo ya namna hii hufanya kazi kwa presha ya 80 hadi 100 za kipimo cha matairi, yaani karibu na tairi la lori, lakini ndani kuna maji yaliyopita nyuzi 100 yanayongoja tundu. Mtoto amekaa mita moja nyuma yake.

Boila mpya hupimwa kwa maji, mara mbili ya presha yake ya kazi. Inajazwa maji hadi hewa yote itoke, kisha inasukumwa kwa pampu ya mkono. Ikiwa na ufa, inatiririsha maji na kazi inaishia hapo. Usithubutu kuipima kwa kompresa ya gereji. Hewa iliyobanwa hutunza nguvu, na chuma kikiachia kinaruka kama bomu. Kwa sababu hiyo hiyo achana na wazo la kukata mtungi wa gesi wa zamani. Wenye uzoefu hutumia shaba nyekundu kwa boila ndogo, huweka valvu mbili za usalama, na hawaondoi macho kwenye kioo cha maji. Maji yakishuka chini ya paa la tanuru, chuma hukauka kama sufuria iliyosahaulika jikoni, na hapo kinalegea. Kwa Tanzania, ukaguzi wa boila mahali pa kazi ni wa OSHA, kwa hiyo anza na kuwauliza wao.

Wengi huanza bila mvuke kabisa. Jenga mita 12 tu za reli iliyonyooka na behewa moja, mkalishe mtu mzima, kisha lisukume kwa mkono taratibu huku mwenzako akitazama magurudumu kwa pembeni. Lifanye hilo kiangazi, halafu urudie Machi udongo ukiwa umelowa.